Ubishi wa iPhone na Android: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mizani miwili, vijembe na matusi

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanaobishana kuhusu simu na kwa wanaoitwa kuamua. Hatukuambii ununue ipi.

Mizani miwili ni nini hasa?

Ni pale kasoro moja inapoitwa wizi ikiwa kwenye simu ya mwenzako, halafu inakuwa "mambo ya kawaida" ikiwa kwenye yako. Kuipenda kampuni fulani siyo mizani miwili. Hayo ni mapenzi. Kubadili msimamo nako siyo, maana simu zinabadilika na bei zinabadilika. Angalia mambo mawili: kama kigezo kimegeuka bila mtu kusema kwa nini, na kama kila kikigeuka kinaangukia upande wa simu aliyonayo mfukoni.

Nitaipimaje kauli ya mtu, au yangu mwenyewe?

Badilisha jina.

1. Nakili kauli yenyewe neno kwa neno. Ukiifupisha utaandika ulichosikia wewe, siyo alichosema yeye.
2. Palipo na Apple weka Samsung, au kinyume chake. Mengine yote yaache yalivyo.
3. Tafuta tukio linalofanana kweli kwa upande wa pili: kasoro ile ile, ukubwa ule ule, simu za bei zinazokaribiana.
4. Jiulize kama msemaji angekuwa tayari kuitamka hiyo kauli mpya mbele za watu.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo maana kipimo hiki huharibika. Kubadilisha jina kunapima hukumu, hakupimi ukweli wa jambo. Ukisema mtumiaji wa Android wa Dar es Salaam anaweza kuweka programu kwa faili la APK (faili la kuwekea programu za Android) alilotumiwa na rafiki, na wa iPhone hawezi kufanya hivyo, umesema kweli. Ukigeuza majina inakuwa uongo, na uongo huo haumthibitishi mtu yeyote kuwa ndumilakuwili. Kinachopimika ni hukumu inayofuata, mfano "kumfungia mteja milango ni kumdharau". Hiyo igeuze, kisha mwulize anasemaje kuhusu programu ambazo kampuni yake hupakia kiwandani na hazikubali kufutwa.

Tupeni mfano ambao kumbukumbu zake zipo.

Tundu la earphone. Septemba 2016 Apple ilitoa iPhone 7 bila tundu la milimita 3.5. Haikuwa ya kwanza; Moto Z ya Motorola ilitangulia miezi michache nyuma, lakini karibu kejeli zote zilikwenda Apple. Oktoba mwaka huo huo Google ikaitangaza simu yake ya Pixel ya kwanza kwa kijembe kwamba yenyewe bado ina tundu. Oktoba 2017 ikaja Pixel 2, haina tundu. Samsung ilicheka muda mrefu zaidi, tena kwenye matangazo ya kulipia, hadi Agosti 2019 ilipoitoa Galaxy Note10 bila tundu, na baadhi ya matangazo yale yakaondolewa kimyakimya.

Chaja ilifuata njia hiyo hiyo, ila kwa kasi. Oktoba 2020 boksi la iPhone 12 lilikuja bila kichwa cha chaja. Samsung ikabandika picha ya chaja Facebook, kuwaonyesha watu kwamba kwake inakuja bure. Januari 2021 Galaxy S21 ikatoka bila chaja, na bandiko lilikuwa limeshafutwa.

Kampuni kugeuka haishangazi sana, biashara ni biashara. Walioaibisha ni washabiki. Aliyesema mwaka 2016 kwamba Apple wanalazimisha watu kununua earphone za Bluetooth, mwaka 2019 alisema tundu limepitwa na wakati. Upande wa pili haukuwa bora. Phil Schiller wa Apple alieleza jukwaani kwamba kuondoa tundu ni ujasiri, na mashabiki wakalishika neno hilo. Samsung ilipofanya jambo lile lile, wao hao wakaita kuiga. Tendo moja, mara ujasiri mara kuiga. Wapo pia waliokereka mara zote mbili kwa sababu walilazimika kununua adapta. Hao mizani yao ilikuwa moja, na kwa bahati mbaya ndio waliosikika kidogo kuliko wote.

Lakini Apple ndio wanaopunguza kasi ya simu za zamani. Hilo nalo ni mizani miwili kulisema?

Kulisema siyo. Kuishia hapo ndiyo.

Kilichotokea ni hiki. Betri ya lithiamu ikichakaa, upinzani wake wa ndani huongezeka. Prosesa inapohitaji umeme mwingi kwa ghafla, volti hushuka na simu huzimika hata kama inaonyesha chaji ipo asilimia 30. Kwa toleo la mfumo wa iPhone, iOS 10.2.1, la Januari 2017, Apple iliibana prosesa kwenye iPhone 6, 6s na SE zenye betri zilizochoka ili zisizimike. Kiufundi dawa hiyo ina mantiki. Kosa ni kwamba mwenye simu hakuambiwa wazi, na wengi waliona simu inaganda wakadhani imezeeka, kumbe betri mpya ingetosha. Kampuni ilikiri Desemba 2017, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka 2018, na iOS 11.3 ikaongeza sehemu ya kuonyesha afya ya betri pamoja na uwezo wa kuzima ubanaji huo. Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020.

Sasa upande wa pili. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia ilizitoza faini kampuni mbili kwa siku moja: Apple euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5. Kwa Samsung, kosa lilikuwa kuwasukuma wenye Galaxy Note 4 kuweka toleo la Android lililozilemea simu zao. Machi 2022 ikagundulika kwamba programu ya Samsung iitwayo Game Optimizing Service ilikuwa inabana kasi ya programu nyingi lakini haizigusi zile za kupimia kasi. Geekbench, mojawapo ya programu hizo za kupimia, ikaziondoa Galaxy S10, S20, S21 na S22 kwenye orodha yake. Mwaka uliotangulia, Julai 2021, OnePlus 9 ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya aina hiyo hiyo.

Ukitaka kuhukumu kwa haki, uliza maswali manne yale yale kwa wote. Kasi imebanwa kwa sababu gani: betri, joto au kuokoa chaji? Mwenye simu aliambiwa? Anaweza kuizima? Programu za vipimo zilipewa upendeleo? Kwa swali la pili Apple ya 2017 inaumbuka vibaya. Kwa la nne anayeumbuka ni Samsung na OnePlus. Mtu anayetaja moja tu kati ya haya, kila mwaka, tayari una jibu lake.

Kwa nini ubishi wa namba (mAh za betri, RAM, hezi za kioo) hauishi?

Kwa sababu kila upande huziheshimu namba inazoshinda. Mshabiki wa Android atakuambia simu yake ina mAh 5,000 na iPhone 15 ina 3,349 tu. Ukimwonyesha matokeo ya prosesa, namba zinageuka kuwa "makaratasi". Wa iPhone atasema mAh hazina maana, tazama simu inavyodumu. Dakika mbili baadaye anabandika alama za Geekbench. Kwa miaka kadhaa aliyekuwa na iPhone ya kawaida ya hezi 60 (mara ambazo kioo hujichora upya kwa sekunde) alisema jicho halioni tofauti, wakati simu nyingi za bei nafuu za Android zilikwishafika 90. Septemba 2025 iPhone 17 ya kawaida ilipopewa hezi 120, macho yalianza kuona.

Kuhusu betri, mAh peke yake ni nusu ya hesabu. Zidisha na volti, ugawe kwa 1,000, upate watisaa (Wh). Betri ya iPhone 15 ni takriban Wh 13. Ya mAh 5,000 kwa volti 3.87 ni kama Wh 19.4. Kwa hiyo ya pili kweli inabeba nishati zaidi, karibu mara moja na nusu. Itadumu saa ngapi ni suala jingine, linategemea kioo, modemu (kifaa cha mtandao) na prosesa. Sentensi zote mbili ni za kweli kwa pamoja, na nusu ya matusi yanayotokana na betri yangeisha kama watu wangekubali kuziandika zote mbili.

Basi tulinganishe vipi ili pasiwe na malalamiko?

Kubalianeni kigezo kabla ya kuona matokeo, kisha mshikilie vitu vinne visibadilike: bei ya leo, mwaka wa kutoka, hali ya simu na kazi itakayopimwa. Kosa la kawaida hapa kwetu ni kuchukua iPhone iliyotumika kutoka Dubai, afya ya betri asilimia 79, ukaishindanisha na Android mpya ya dukani kwa bei ile ile. Hilo ni swali halali la mnunuzi mwenye hela hiyo. Siyo kipimo cha ubora wa betri za Apple. Apple yenyewe inasema iPhone 14 na za kabla yake hubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 500 kamili, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1,000. Simu ya miaka mitatu inaweza kuwa imeshavuka hapo. Kosa pacha lake ni kuishindanisha iPhone halisi na "Samsung" ya bandia. Kwa Tanzania, bonyeza *#06#, chukua IMEI (namba ya utambulisho wa simu), itume kwenda 15090 uone kama simu ni halisi kabla ya kuanza kubishana.

Kwa kipimo cha betri kinachoweza kufanyika nyumbani:

- Chaji zote hadi 100 kisha ziache zitulie dakika kumi zipoe. Betri yenye joto hudanganya.
- Mwangaza usiulinganishe kwa mstari wa mipangilio. Nusu ya mstari kwenye simu moja inaweza kuwa mwanga mkali kuliko nusu ya nyingine. Fungua picha nyeupe tupu kwenye zote, ziweke pamoja gizani, urekebishe hadi zifanane, na uzime mwangaza wa kujirekebisha wenyewe.
- Tumia video moja iliyopakuliwa, siyo ya kutiririsha. Hali ya ndege iwe imewashwa.
- Ukitaka kupima na mtandao, laini ziwe za kampuni moja na simu zikae mahali pamoja. Mnara ukiwa dhaifu, modemu hutafuna chaji.
- Pima angalau saa tatu. Asilimia 10 za kwanza kwenye simu nyingi hushuka polepole kuliko zinazofuata, kwa hiyo picha ya skrini ya "nusu saa, imeshuka 2 tu" haisemi kitu.
- Badilishaneni simu, mrudie. Mwenye simu asiwe mpimaji wake mwenyewe mara zote mbili.

Mbona watu wanachukulia simu kama wametukaniwa mama?

Kwa sababu simu ni hela, na hela inasema kuhusu mtu. Aliyelipa mamilioni kwa macho matatu (iPhone ya kamera tatu), pengine kwa mkopo, akiambiwa amepigwa haoni kama imesemwa simu. Ameambiwa yeye ni mjinga. Anayeambiwa "simu yako ya Mchina" naye amesikia kwamba hana kitu. Halafu kijembe hicho chenyewe ni mizani miwili ya wazi: Tecno, Infinix na itel ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ndiyo, lakini iPhone nyingi nazo zimeunganishwa China, na siku hizi India. Kama kasoro ni mahali pa kiwanda, mwenye macho matatu naye ana simu ya Mchina.

Ushabiki wenyewe umechunguzwa zamani. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril mwaka 1954 walichapisha utafiti juu ya mechi ya futiboli ya Marekani ya 1951 kati ya Dartmouth na Princeton. Wanafunzi wa vyuo vyote viwili walionyeshwa filamu ile ile. Wale wa Princeton waliwahesabia wachezaji wa Dartmouth makosa zaidi ya mara mbili ya waliyoyaona Dartmouth wenyewe. Waliokaa meza moja na watu wa Simba na Yanga wakati penalti inarudiwa kwenye runinga hawahitaji kuelezwa zaidi. Jambo la kuondoka nalo ni kwamba mwenzako mara nyingi hadanganyi. Ameliona hivyo kweli. Ukimwita mwongo umekosea utambuzi, na dawa yako haitafanya kazi.

Nikisema "mbona na nyinyi mlifanya", si ndiyo kukwepa hoja?

Inategemea unajibu nini. Mtu akisema "chaja iwekwe kwenye boksi", kumjibu "mbona Samsung nao" ni kukwepa, maana hoja yake inasimama hata kama kampuni zote zimeondoa. Akisema "Apple ndio pekee wenye tamaa", kumtajia Galaxy S21 ni jibu kamili, kwa kuwa neno *pekee* ndilo linalobishaniwa. Tafuta maneno kama pekee, siku zote, hakuna, kamwe. Palipo na neno la namna hiyo, mfano wa upande wa pili unaruhusiwa. Pasipokuwepo, jibu hoja kwanza.

Faragha je? Apple si wanalinda, Google wanauza?

Kuna tofauti ya kweli: tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu lazima ikuombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine, na biashara kuu ya Google ni matangazo. Ila nyaraka za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iendelee kuwa injini ya utafutaji ya kwanza kwenye Safari. Anayeitumia hoja ya faragha aeleze na hizo hela zinakaa wapi kwenye hesabu yake. Vivyo hivyo kwa asilimia 30 za mauzo ya programu: wanaolaani "ushuru wa Apple" husahau kwamba Google Play nayo ilijengwa juu ya kiwango hicho hicho.

Na ubishi wa ujumbe wa kijani na wa buluu?

Kwenye iPhone, ujumbe unaotoka iPhone nyingine kwa iMessage huonekana wa buluu, na wa Android huonekana wa kijani. Ubishi huo ni wa Wamarekani, wanaotumiana sana ujumbe kupitia iMessage na SMS. Hapa kwetu watu wapo WhatsApp. Kuuleta mezani ni kuazima ugomvi.

Ukali na matusi vinatofautianaje?

"Hoja yako haina kichwa wala miguu, video yenyewe haionyeshi saa" ni ukali. "Masikini wa akili na mfuko" ni tusi. Kipimo rahisi: futa kila kinachomhusu mtu, uone kama kimebaki kitu cha kujibu. Kikibaki, kijibu hicho tu na uyaache mengine kama hukuyaona. Kisipobaki, hakuna cha kujibu. Jihadhari na upendeleo wa hapa pia: kijembe cha mtu wa upande wako husikika kama utani, kile kile kikitoka upande wa pili kinakuwa dharau.

Nimetukanwa. Nifanyeje?

Jibu mara moja, kwa hoja, bila kurudisha tusi, halafu nyamaza. Jibu la pili ndilo linalogeuza ubishi kuwa vita, kwa sababu kuanzia hapo watazamaji hawakumbuki nani alianza. Yakizidi hadi vitisho, au mtu akabandika namba na picha zako, usifute chochote: piga picha za skrini zinazoonyesha jina au namba, tarehe na saa, pamoja na ujumbe wa juu na wa chini yake, kisha mzuie. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yenye kifungu kinachohusu unyanyasaji mtandaoni, na ushahidi uliokatwa katikati hukusaidia kidogo.

Anayeamua naye ana simu yake. Tumwamini vipi?

Mwambieni asome maneno majina yakiwa yamefichwa, ya kampuni na ya watu, kabla ya kutoa onyo. Na adhabu zitajwe mapema: onyo, kisha siku kadhaa za ukimya, kisha kuondolewa. Kasoro inayojirudia ni onyo kwenda kwa aliyejibu tusi, huku aliyelianza akipona kwa kuwa ujumbe wake ulishapanda juu. Anza kusoma kutoka juu.

Nimekuta mtu aliandika zamani kwamba Samsung inatelekeza simu baada ya muda mfupi. Nimuumbue?

Tazama tarehe kwanza. Agosti 2020 Samsung iliahidi vizazi vitatu vya Android kwa simu zake teule, Februari 2022 ikapandisha hadi vinne, na Januari 2024 ikaahidi miaka saba kwa Galaxy S24, baada ya Google kufanya hivyo kwa Pixel 8 Oktoba 2023. Upande wa Apple, iPhone XS na XR za 2018 zilipata iOS 18 mwaka 2024 bila ahadi kubwa ya jukwaani. Kwa hiyo aliyelalamika 2019 alikuwa na haki. Anayerudia sentensi hiyo leo kuhusu S24 amekosea, na anayeitumia ahadi ya S24 kuitetea simu ya laki mbili amekosea vilevile: ahadi ya miaka saba haishuki hadi simu za bei ya chini. Kabla ya kumjibu yeyote, ingia kwenye mipangilio ya simu inayobishaniwa, sehemu ya kuhusu simu, utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ibandike hiyo.